Alexander Mackay, Mzungu wa Kazi: Fundi Aliyeunganisha Mashua katika Pwani ya Kagera

Historia ya usharika wa Kilutheri katika nchi ya Bukoba na Muleba huanza kuhesabiwa kutoka mwaka 1910, wakati wamisionari wa Misioni ya Betheli walipofika kutoka Ujerumani. Lakini wamisionari hao hawakuikuta nchi tupu. Waliwakuta Wahaya waliokuwa wamekwisha kusoma Injili, kwa sababu Neno lilikuwa limevuka mpaka kutoka Uganda likiwa mikononi mwa wenyeji wenyewe. Na huko Uganda, miongoni mwa watu walioanza kuwafundisha wenyeji kusoma Neno hilo, alikuwako mtu mmoja ambaye hakuwa Mlutheri, hakuwa mchungaji, wala hakukaa katika pwani hii zaidi ya majuma yapatayo manane. Alikuwa fundi. Jina lake ni Alexander Murdoch Mackay, na watu wa wakati wake walimwita Mzungu wa Kazi.

Maisha yake yanastahili kukumbukwa katika sherehe ya miaka mia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni undugu wa makanisa kuzunguka ziwa. Ya pili ni swali ambalo kila karakana ya useremala, kila chuo cha ufundi na kila usharika hukutana nalo: mashine kubwa inapokuja mahali padogo, ni nini kitangulie ili ilete faida? Mackay aliishi na swali hilo kwa miaka kumi na miwili, na jibu lake liligharimu maisha yake.

Kuzaliwa na masomo

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu msomi aliyemfundisha mwanawe nyumbani katika miaka yake ya kwanza. Wazazi walitumaini kwamba mtoto angevaa joho la uchungaji kama baba yake. Mtoto mwenyewe alivutwa na kiwanda cha mhunzi, kinu cha kusaga nafaka na duka la seremala. Alitaka kuona gurudumu linavyozunguka na kujua ni nini kinalizungusha.

Mwaka 1867 alipelekwa Edinburgh katika chuo cha ualimu cha Kanisa Huru. Baadaye alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha mji huo, huku akifanya kazi katika kiwanda cha mashine huko Leith. Hivyo mkono wake ulijifunza sawasawa na kichwa chake. Aliweza kuchora mashine karatasini, kisha akaichonga, akaifua na kuifunga kwa mkono wake mwenyewe. Mambo hayo mawili hayapatikani mara nyingi kwa mtu mmoja, na ndiyo yaliyomwezesha baadaye kuishi mahali ambapo hapakuwa na duka la vipuri wala fundi mwingine wa kumwuliza.

Mwaka 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, akaajiriwa kuwa mchoraji katika kiwanda cha mashine, na baada ya muda akapewa kusimamia idara ya treni za mvuke. Alibuni pia mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Katika mji huo alikaa nyumbani kwa mhubiri wa ikulu aliyeitwa Baur, na katika nyumba hiyo ya Kiinjili ya Kijerumani imani yake ilipata nguvu mpya. Mskoti wa Kipresbiteri, aliyeimarishwa na Wajerumani na kutumwa na Waanglikana, ndiye aliyekuja kufanya kazi katika ziwa letu.

Desemba 1875 alisoma gazetini barua ya msafiri Henry Stanley iliyoomba walimu waende Uganda kwa Kabaka Mutesa. Stanley hakuomba wahubiri watupu. Alitaka watu wanaojua kujenga nyumba, kulima na kutengeneza vyombo. Mackay aliandika mara moja kwa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, akakubaliwa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Mashine kwa vichwa vya wapagazi

Kabla ya kusafiri, Mackay alifikiri jinsi ya kuifikisha injini ya mvuke katika ziwa lililokuwa mbali sana na bahari. Hapakuwa na reli, wala barabara, wala mto wa kupitia. Mzigo wote ungechukuliwa kichwani au begani, na mpagazi mmoja hawezi kubeba zaidi ya kilo thelathini hivi kwa safari ya miezi. Kwa hiyo alipanga boila iundwe kwa pete, kila pete ikiwa mzigo wa peke yake, ili ziunganishwe kwa ribiti ziwani. Kwanza alipima nguvu za mtu atakayeichukua mashine, kisha akaipanga mashine kulingana na nguvu hizo.

Kundi la kwanza liliondoka Uingereza Aprili 1876. Walijaribu kwanza mito ya Wami na Kingani kwa mashua yao iliyoitwa Daisy, wakaona kwamba mito hiyo haiwezi kuwafikisha mbali. Mashua ilifunguliwa vipande, ikachukuliwa na wapagazi hadi ziwani. Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani, akarudishwa pwani mwezi Novemba. Wakati wa kungojea haukupotea. Mwaka 1877 alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi, akiwa na kikosi cha vibarua wenye mashoka, misumeno na majembe. Alitumaini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangechukua mizigo mizito ambayo vichwa vya watu haviwezi.

Barabara ilikuwa njema, lakini ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Hilo lilikuwa somo la kwanza kwa mhandisi huyu: chombo chaweza kuwa kizuri na njia ikawa nzuri, lakini nchi ina sheria zake, na asiyezijua atalipa gharama. Tangu wakati huo Mackay alisema na kuandika mara nyingi kwamba nchi za ziwa hazitaendelea mpaka reli ifike. Alikuwa amesema kweli. Meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoelea katika ziwa mwaka 1900, ililetwa kwa vipande kwa taabu ya miaka, na reli ilifika Kisumu mwaka uliofuata, zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake.

Injini bila meli

Tarehe 13 Juni 1878 Mackay alifika Kagei, kusini mwa ziwa. Habari zilizomngojea zilikuwa za huzuni. Luteni Shergold Smith na O'Neill, wenzake wawili, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877 katika ugomvi uliohusu jahazi lililokuwa likiundwa huko. Daktari wa kundi alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa. Katika wale waliotoka Uingereza pamoja, waliobaki kazini walikuwa wawili tu: Mackay na mchungaji C. T. Wilson.

Katika kibanda cha Kagei alikuta mali ya misioni imerundikwa bila mpangilio. Vitabu na Biblia vilichanganyika na misumeno, herufi za kupigia chapa, mbegu za bustani, pampu, jembe la kukokotwa, vyombo vya mhunzi na vipande vya injini vilivyoshikwa na kutu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mackay alivua koti akaanza kupanga, kusugua, kupaka mafuta na kufunga. Kwa muda wa siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, alifanya kazi hiyo, na mwishowe injini ikasimama nzima, na boila ikawa tayari kupigwa ribiti.

Lakini injini ile haikuwa na meli. Kwa meli zilihitajika mbao ndefu zilizokauka vizuri, mafundi wa kuzipasua na msitu ulio karibu, na hivyo vyote vilikosekana. Ndipo Mackay alipoona kwa macho yake kwamba injini ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni mbao na mikono. Aliifunika injini ile, akageukia kile kilichokuwapo, yaani mashua Daisy, iliyokuwa imechakaa na kuvuja, akaitengeneza ili iweze kusafiri kwa tanga.

Kabla ya kuondoka kusini alikwenda Ukerewe kuonana na mtawala Lukonge, ambaye katika nchi yake wenzake walikuwa wameuawa. Alikwenda bila silaha ili amani irudi. Tendo hilo lilikuwa la hatari, lakini alirudi salama.

Majuma manane katika pwani ya Kagera

Mwezi Agosti 1878 Mackay na Wilson walitweka tanga kuelekea Uganda. Siku chache baadaye dhoruba iliwakamata katika pwani ya magharibi ya ziwa. Daisy ilitupwa na mawimbi ufukoni, mbao zake zikavunjika, mizigo ikalowa. Mahali hapo wasafiri wa wakati ule walipaita Makongo, katika nchi waliyoiita Uzongora, yaani ukanda wa pwani ambao sasa umo katika Mkoa wa Kagera.

Ili kuelewa uzito wa tukio hilo, yafaa kukumbuka jambo lililotokea miaka mitatu kabla yake. Mwaka 1875 Stanley alipita katika pwani hiyo. Alipofika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, aligombana na wenyeji, nao wakamnyang'anya makasia ya mashua yake. Mwezi Agosti wa mwaka huo alirudi akiwa na kikosi kikubwa, akawapiga risasi watu wa kisiwa wakiwa wamesimama ufukoni na mikuki yao. Wengi waliuawa. Hata Uingereza kwenyewe watu walipiga kelele kulaani kitendo hicho.

Wenyeji wa pwani walikuwa na kila sababu ya kumwona mgeni mweupe aliyetupwa na mawimbi kuwa adui aliyeletwa mikononi mwao. Wasafiri wale wawili hawakuwa na nguvu yoyote. Chombo chao kilivunjika na mali yao ilitandazwa mchangani ikauke. Pamoja na hayo hawakudhuriwa. Waliishi na wenyeji kwa amani kwa muda wa majuma manane, wakala chakula cha nchi, na kufanya kazi yao mbele ya macho ya watu. Ukarimu huo wa watu wasiotajwa majina uko mwanzoni kabisa mwa historia ya Injili katika upande huu wa ziwa, nao hauna budi kuhesabiwa pamoja na kazi za wamisionari.

Kazi yenyewe ilikuwa ya seremala halisi. Daisy ilikuwa imeharibika mno, na mbao mpya za kutosha hazikuwapo. Mackay aliikagua mashua akaona kwamba uzima umebaki katika omo na tezi kuliko katikati. Akachukua uamuzi ambao fundi mwoga asingeuthubutu: aliikata mashua, akaondoa sehemu ya kati yenye urefu wa futi nane, akavuta omo na tezi mpaka zikakutana, akaziunganisha. Mbao zilizotoka katika kile kipande cha kati akazitumia kuziba matundu na kurekebisha mahali palipovunjika.

Kila fundi anayesoma habari hiyo anajua ugumu wake. Mashua si sanduku. Ubavu wake umepindika, na upana wa mbele haulingani na upana wa nyuma. Pande mbili zinazosogezwa ili zikutane hazikutani zenyewe. Mbao hulazimishwa kupinda taratibu, mataruma hurekebishwa, mkuku hupata kiungo kitakachostahimili mapigo ya mawimbi, na kila ufa huzibwa kwa kalafati hata tone la maji lisipite. Hapakuwa na mashine ya kumsaidia. Palikuwa na msumeno, tezo, randa, patasi, nyundo na subira. Baada ya majuma manane Daisy ilisukumwa majini, fupi kuliko ilivyotoka kiwandani lakini nzima. Tarehe 1 Novemba 1878 iliwafikisha Entebbe, na siku chache baadaye Mackay alisimama mbele ya Kabaka Mutesa.

Mtu aliyewahi kusimamia idara ya treni za mvuke katika mji mkuu wa Ujerumani alifika Uganda kwa mashua iliyokatwa na kuungwa kwa mkono katika pwani ya Kagera. Injini yake ilibaki Kagei.

Karakana ya Natete

Huko Natete, karibu na Rubaga, Mackay alianzisha karakana ndogo. Alisimamisha jiko la mhunzi lenye mvukuto, mashine ya kukerezea na jiwe la kunolea lenye mpini wa kuzungusha. Watu walikuja makundi kwa makundi kuangalia. Gurudumu lilikuwa jambo geni katika nchi ile, na wengi walistaajabu kuona jiwe likizunguka na chuma kikitoa cheche. Ndipo jina la Mzungu wa Kazi lilipoenea.

Namna alivyoipanga karakana ile ina mafundisho kwa fundi wa leo. Kwanza aliweka vifaa vya kutengenezea vifaa. Mwenye jiko la mhunzi aweza kufua patasi iliyokatika. Mwenye jiwe la kunolea hana msumeno butu. Mwenye mashine ya kukerezea aweza kuchonga mpini, roda na skrubu. Asiye na hivyo hulazimika kusimamisha kazi kila kitu kidogo kinapovunjika, hata kama anayo mashine kubwa kuliko zote. Pili, alifanya karakana kuwa darasa. Vijana waliokuja kuzungusha jiwe walijifunza pia kusoma. Mackay alichonga herufi kwa mti, akapiga chapa karatasi za kusomea, na wanafunzi wakazisoma kando ya benchi la useremala. Tarehe 18 Machi 1882 watu wa kwanza watano wa misioni hiyo walibatizwa.

Kazi kubwa ya useremala aliyoifanya huko ilikuwa ya mwaka 1882, mama yake Mutesa, Namasole Muganzirwazza, alipofariki. Kabaka alitaka mama yake azikwe kwa heshima ambayo haijaonekana nchini. Mackay aliombwa atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya jingine: ya mbao na ya shaba, na la nje likawa kubwa mfano wa nyumba ndogo. Mbao zilipasuliwa kwa mkono, shaba ikanyoshwa na kuungwa kwa nyundo. Kazi ilikuwa nzito na malipo hayakuwapo, lakini aliifanya kwa uaminifu kwa sababu ilihusu msiba wa watu aliokuja kuwatumikia.

Ufundi wake ulimletea pia jaribu. Wakuu wa ikulu walipenda bunduki kuliko Biblia, na kwao fundi wa chuma alikuwa mtu wa kuwatengenezea silaha. Mackay alijua kwamba mashine humvutia kila mtu, lakini kila mtu huvutwa kwa haja yake. Alijitahidi kila siku kuielekeza karakana kwenye jembe, nyumba, kitabu na mashua.

Mutesa alikufa Oktoba 1884 na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni waliuawa kwa moto kwa ajili ya imani yao. Mwezi Oktoba wa mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, walikufa mashahidi. Mackay alibaki. Wakati wa hatari kubwa aliendelea kupiga chapa kurasa za Injili ya Mathayo katika Kiganda, na waumini wakazisoma kwa siri. Julai 1887 alilazimika kuondoka Uganda.

Usambiro

Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza upya. Alifyatua matofali, akajenga nyumba, akasimamisha tena jiko la mhunzi. Machi 1888 Askofu Parker na mwenzake Blackburn walikufa hapo kwa homa katika mwezi mmoja. Mackay aliendelea, na sasa alirudia kazi aliyoiacha miaka kumi iliyopita: kuipatia injini meli yake.

Alikuwa na sababu. Wakristo wa Uganda walikuwa wamefukuzwa na kutawanyika, na mashua za tanga zilitegemea upepo. Chombo cha mvuke kingeunganisha pande zote za ziwa, na pwani ya Wahaya ikiwamo. Lakini miti ya kufaa ilikuwa mbali na kituo. Ikabidi kwanza aunde gari la kukokotea magogo, na kwa ajili ya gari aunde magurudumu, na kwa ajili ya magurudumu afue chuma. Kila hatua ilidai hatua iliyo nyuma yake. Magogo yalipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na mbao zikawekwa zikauke.

Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro akiwa na Emin Pasha, baada ya kupita Karagwe na Ihangiro. Walikaa karibu majuma matatu. Stanley alistaajabu kumwona mtu huyu, baada ya vifo na mateso yote aliyoyaona, yumo kazini kama mtu aliyeanza jana. Alishauriwa arudi Ulaya kupumzika. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu aondoke. Alikataa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake.

Katika miezi hiyo ya mwisho Mackay aliandika mawazo yake juu ya kazi ya misioni katika Afrika, akichukua mfano wa daraja kubwa la chuma lililokuwa likijengwa Uskoti juu ya maji ya Forth. Daraja lile halikuwekewa nguzo kila hatua. Minara michache imara ilisimamishwa, na kutoka katika kila mnara mikono ya chuma ilinyoshwa pande zote mbili mpaka ikakutana. Vivyo hivyo, alifikiri, Ulaya haiwezi kuleta walimu wa kuijaza Afrika. Vianzishwe vyuo vichache vilivyo imara, Waafrika wafundishwe humo vizuri, kisha wao wenyewe wanyoshe mikono mpaka ikutane. Mtu aliyetumia miaka kumi na miwili akiitafutia injini meli alifikia hitimisho kwamba mwanafunzi ndiye anayestahili kugharimiwa kwanza.

Kifo na yaliyobaki

Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ilimshika. Tarehe 8 Februari alikufa, akiwa na umri wa miaka arobaini. Mwenzake Deekes, mgonjwa naye, alimtengenezea jeneza kwa mbao zile alizozikata kwa ajili ya meli. Kesho yake, siku ya Jumapili, alizikwa kando ya Askofu Parker, na vijana wa Kiganda waliokuwa pamoja naye wakaimba kaburini. Mwezi uliofuata daraja la Forth lilifunguliwa. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa ikazikwa Namirembe, Kampala.

Meli ya Mackay haikuelea kamwe. Kwa kipimo cha kiwanda, kazi yake kubwa haikufaulu. Lakini mikono ya daraja ilinyoshwa. Waganda waliojifunza kusoma kando ya benchi lake waliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine. Wahaya waliokwenda Uganda walirudi na vitabu mikononi, na katika mwaka 1910 Misioni ya Betheli ilipoanza kazi Bukoba ilipokelewa na wasomaji. Kutoka kwa hao, pamoja na kazi ya Wajerumani na baadaye ya ndugu wa Sweden na Denmark, lilikua kanisa ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Leo karakana za useremala za Bukoba na Muleba zina mashine ambazo Mackay angezifurahia: msumeno wa duara, randa ya umeme, mashine za kukerezea zenye mota. Fundi mdogo anayetaka kuikuza karakana yake hununua mashine mahali ambapo babu yake alivuta msumeno. Ni jambo jema. Habari za Mackay zinamkumbusha mambo ambayo muuza mashine hayasemi: apime njia ya kuifikisha na msingi wa kuisimamisha, apate kwanza kifaa cha kunolea na fundi wa kuirekebisha, awe na mbao zilizokauka kabla ya kuwa na msumeno wa kuzipasua kwa haraka, na amweke kijana kando yake ajifunze, ili siku mwenye karakana atakapoondoka mashine isibaki chini ya turubai.

Kwa usharika unaoingia karne ya pili neno hilo halitofautiani sana. Kuna majengo ya kupanuliwa, vyuo vya kuboreshwa na vyombo vya kununuliwa, na kila kimoja kitadai mtu aliyeandaliwa kukitumia. Zamani ufukoni mwa Kagera mashua iliyovunjika ilikatwa sehemu iliyoharibika, na sehemu zilizo nzima zikavutwa mpaka zikakutana, katikati ya watu ambao wangeweza kulipiza kisasi na hawakufanya hivyo. Ilitoka hapo ikiwa fupi, na iliwafikisha waliokuwamo kule walikotumwa.